Bawabu wa Jumapili



Kama umewahi kwenda Kariakoo siku mbili kabla ya Krismasi, ukabanwa na watu mbele na nyuma mpaka ukaacha kutembea kwa miguu yako na kuanza kupelekwa na miguu ya wenzako, basi una picha kidogo ya mahali ninapotaka kukupeleka leo. Tofauti ni kwamba mahali hapo pako chini ya ardhi, hakuna anayetangaza bei kwa sauti, na mtu akikugonga bega hasemi “samahani bosi”. Anapita tu.

Ni Paris, katikati ya mji, panapoitwa Les Halles. Juu kuna jengo kubwa la maduka, Forum des Halles, na chini yake kuna stesheni ya Châtelet–Les Halles, ambayo ni kati ya stesheni za chini ya ardhi zenye watu wengi zaidi duniani. Inakadiriwa kwamba siku ya kazi watu wapatao 750,000 hupita hapo. Treni tatu za kwenda vitongoji vya mbali hukutana hapo na treni kadhaa za mjini, na anayetoka kwenye treni akitaka kuona jua sharti apande ngazi za umeme, moja baada ya nyingine, akipita katikati ya maduka. Aliyepanga jengo lile alijua alichokuwa anafanya. Huwezi kwenda nyumbani bila kuonyeshwa viatu.

Nami nilikuwa nahitaji viatu.

Ilikuwa Desemba 3, 2017, Jumapili ya kwanza ya Majilio. Nilikuwa nimetoka Roma, mji niliosomea zamani, nikapitia Paris kumsalimu padre mwenzangu wa jimbo letu aliyekuwa masomoni. Viatu nilivyosafiri navyo vilikuwa vya kwetu, vizuri kabisa kwa vumbi, lakini havikuwa vimewahi kukutana na mvua ya baridi inayonyesha kutwa bila kukoma. Soli ya kulia iliachia mdomo. Asubuhi ile niliadhimisha Misa nikiwa na soksi iliyolowa, na ninyi mnaojua baridi ya sakafu ya mawe mtanielewa.

Injili ya siku ile ilikuwa Marko 13, aya ya 33 hadi 37. Mnaifahamu, maana hurudi kila baada ya miaka mitatu tunapofungua Mwaka B. Mwenye nyumba anasafiri, anawaachia watumishi madaraka, kila mtu na kazi yake, na bawabu, yaani mlinzi wa mlango, anaagizwa akeshe. Nilihubiri kwa Kifaransa changu cha kubabaisha, mahubiri ya ukurasa mmoja niliyoyaandika usiku na mwenzangu akayasahihisha kwa kalamu nyekundu kama mwalimu wa darasa la nne. Nilisema kwamba sote ni mabawabu. Nilisema mlango ni moyo. Nilisema tukeshe tusije tukasinzia. Bibi mmoja mzee alinishika mkono baada ya Misa akaniambia yalikuwa mahubiri mazuri, nami nikamwamini.

Mchana tukapanda treni kwenda mjini. Mwenzangu alikuwa na mtu wa kuonana naye, tukaagana kukutana saa tisa na nusu katika kanisa la Mtakatifu Eustachi, lililo hatua chache tu kutoka kwenye maduka. Akanielekeza duka, akanionya nisipotee, akaondoka. Nikapotea mara moja.

Naomba nikueleze kidogo mahali pale, maana mtu anaweza kudhani ni duka tu kama maduka mengine. Tangu karne ya 12, enzi za mfalme Filipo Augusto, hapo palikuwa soko kuu la chakula la Paris. Mwandishi Émile Zola alipoliandikia riwaya mwaka 1873 aliliita tumbo la Paris, na jina hilo halikumwacha mtu akiuliza maana yake. Nyama, samaki, jibini, kabichi, vyote vilifika usiku na kuuzwa alfajiri. Wapagazi wake walikuwa na chama chao, watu wa mabega mapana waliochaguliwa kwa nguvu na uaminifu. Pembeni, kwa mamia ya miaka, palikuwa na makaburi ya Watakatifu Wasio na Hatia, wale watoto waliouawa na Herode. Makaburi yalijaa mno, na kuanzia 1786 mifupa ikahamishiwa kwenye mapango yaliyochimbwa mawe chini ya mji. Walio hai walikuwa wakinunua mboga mita chache tu kutoka kwa wafu wao. Kwa jirani palikuwa na kanisa, ambalo ujenzi wake ulianza 1532 na kuchukua takriban miaka mia moja.

Mwaka 1969 soko lilihamishiwa Rungis, nje ya mji. Mabanda yale maarufu ya chuma na vioo yakaanza kubomolewa mwaka 1971, likachimbwa shimo kubwa, na kwa miaka kadhaa Paris ilikuwa na shimo mahali pa tumbo. Stesheni ikafunguliwa 1977, maduka 1979. Paa la sasa, kubwa, la rangi ya manjano hafifu, lenye umbo kama la jani lililokunjwa, lilizinduliwa Aprili 2016. Ndani kuna maduka zaidi ya mia, sinema, maktaba, hata bwawa la kuogelea. Chakula kipo, lakini ni cha kula huku unatembea.

Basi nikazunguka. Kila nilipodhani natoka, ngazi zilinirudisha chini kwenye treni. Niliona taa za Krismasi, na hiyo ilikuwa Majilio ndiyo kwanza ina saa chache. Niliona vijana wameketi sakafuni wakila viazi, baba mmoja mwenye mifuko kumi na sura ya mtu anayehukumiwa, kina mama Waafrika wawili wakisukuma toroli za watoto wasio wao. Hatimaye nikalipata duka. Mlangoni amesimama mlinzi, mwanamume mrefu mweusi, suti nyeusi, waya wa mawasiliano sikioni. Akaniomba nifungue begi. Nikafungua, nikiangalia viatu vilivyopangwa ukutani nyuma yake. Akatazama ndani, akaniruhusu. Leo ukiniuliza kama nilimsalimu, nitakuambia kweli: sikumsalimu. Mimi, mwana wa nchi ambayo mtu hawezi kununua nyanya bila kuulizwa habari za nyumbani.

Nikanunua viatu. Nikavivaa palepale, vya zamani nikavitia mfukoni. Nilipovuka mlango kengele ikalia.

Sijui kama umewahi kuliliwa na kengele ya mlango wa duka. Watu wote wanageuka. Kwa sekunde tatu wewe ni mwizi, na kila unachofanya na mikono yako kinathibitisha. Nilianza kupapasa mifuko kutafuta risiti na nikasema kwa sauti, kwa lugha ambayo mtu hutumia anapoogopa, “Mungu wangu, leo nimepatikana.”

Mlinzi akanitazama. Akasema taratibu, “Kumbe unasema Kiswahili?”

Alikuwa mtu wa Bukavu. Kosa halikuwa langu: mhudumu alisahau kung'oa kile kidubwasha cha plastiki kwenye kiatu cha kushoto. Akakipeleka ndani, akarudi nacho, na nilipofungua koti kuhifadhi risiti akaiona kola yangu. “Padiri!” Na pale mlangoni, katika jiji lile, mtu akanisalimu kama tunavyosalimiana kwetu, akauliza nyumbani, akauliza safari, akauliza kama Tanzania mvua imenyesha. Macho yake yalikuwa yanazunguka muda wote kwa wanaoingia na wanaotoka. Alisema nami bila kunitazama, na nikaelewa kwamba ndivyo kazi yake ilivyo.

Nikamuuliza anasali parokia gani. Akacheka kidogo. “Padiri, mimi niko Mukatoliki. Lakini siku ya Mungu niko natumika. Iko miaka tano sasa. Batoto banaendaka na mama yabo.”

Siku ya Mungu ndiyo Jumapili, huko kwao. Na kutumika, kwa Kiswahili cha Kongo, ni kufanya kazi. Hakuna zaidi. Lakini sikio langu la Kitanzania lilisikia neno lingine, msomaji, na najua lako pia limelisikia. Siku ya Mungu niko natumika. Nikatazama viatu vyangu.

Kisha akaniuliza swali ambalo sikulitaka. “Leo Injili ilisema nini?”

Nikamwambia ilikuwa habari ya bawabu. Neno hilo hakulijua. Nikaeleza: yule anayesimama mlangoni. “Aa, zamu!” akasema. Kwao mlinzi huitwa zamu. “Zamu, kama mimi. Na ulihubiri nini juu yake?”

Hapo, mlangoni pa duka, mahubiri yangu ya ukurasa mmoja yaliyosahihishwa kwa wino mwekundu yakaniishia. Nilishindwa kumwambia mtu aliyesimama tangu asubuhi kwamba mlango ni moyo. Nikamsimulia tu kisa chenyewe, mwenye nyumba, safari, watumishi, mpaka aya ya mwisho ambapo Yesu anasema kwamba analowaambia wanafunzi wake anawaambia watu wote: kesheni. Akafikiri. Akamruhusu mama mmoja kupita, akasema: “Watu wote? Ni vizuri. Kama watu wote banakesha, zamu naye ataweza kulala kidogo.”

Nimesoma vitabu kadhaa vya ufafanuzi wa Injili ya Marko, kimoja kwa Kijerumani, kwa taabu. Sijaliona neno hilo mahali popote.

Halafu akainamisha kichwa kidogo akasema kwamba ana dakika makumi mbili za kupumzika, saa kumi kamili. Je, ningeweza kuja? Alitaka kitubio. Alikuwa hajaungama siku mingi. Kifaransa anakijua, anakisema kuliko mimi, lakini kuungama kwa Kifaransa, alisema, ni kama kuomba ruhusa kwa mkubwa wa kazi. Nikamwambia nitakuja. Kwa sheria ya Kanisa padre mwenye ruhusa ya kuungamisha jimboni kwake anaweza kuungamisha popote duniani, isipokuwa pale askofu wa mahali anapomkatalia. Sikuwa na kizuizi. Nilikuwa na saa, nilikuwa na stola ndogo mfukoni, na nilikuwa na viatu vikavu.

Nikaenda kanisani kumngoja mwenzangu.

Nje ya kanisa, upande wa bustani iliyopewa jina la Nelson Mandela, kuna kichwa kikubwa cha mtu kilichochongwa kwa jiwe, kimelala chini, kiganja kikiwa karibu na sikio. Kilichongwa na Henri de Miller mwaka 1986, na jina lake maana yake ni kusikiliza. Watoto hukipanda. Ndani ya kanisa niliona vitu vilivyonisahaulisha dunia. Kuna kikanisa kilichowekwa sanamu za rangi za mchongaji Raymond Mason, zinazoonyesha wachuuzi wa soko siku ile ya Februari 1969 walipoondoka na matunda na mboga zao, nyuso zao kama za watu wanaotoka kwenye mazishi. Kuna mchoro wa wanafunzi wa Emau unaohusishwa na Rubens. Nilisimama mbele ya mchoro huo muda mrefu. Unajua kisa: mgeni wametembea naye njia nzima bila kumtambua, wakaja kumtambua mezani. Mwenzangu akafika, akaanza kunieleza habari za kinanda cha kanisa lile, ambacho ni cha sifa kubwa, nami nikauliza maswali. Nilipotazama saa ilikuwa saa kumi na dakika nane.

Nilikimbia. Kijana wa miaka ishirini angefika kwa dakika tatu. Lakini niliingia kwa mlango tofauti na ule niliotokea, na kama nilivyosema, jengo lile halikupangwa kwa ajili ya mtu anayejua anakokwenda. Nilishuka ngazi nisiyostahili kushuka, nikajikuta kwenye mageti ya treni, nikapanda tena, nikapita duka la simu ambalo nililiona mara tatu. Nilifika saa kumi na dakika ishirini na tano.

Alikuwa amesharudi mlangoni. Aliponiona alitabasamu, na tabasamu lile ndilo ambalo nalibeba mpaka leo kuliko kama angenikaripia. “Nilikungoja pale kwenye ngazi, Padiri. Si kitu. Utaniombea.” Nikauliza kama anaweza kupata dakika tano tu. Akatazama ndani ya duka, akatikisa kichwa. Zamu yake ingeisha usiku, na asubuhi yangu ilikuwa uwanja wa ndege. Nikampa baraka, nimesimama, watu wanapita kati yetu na mifuko yao. Aliinamisha kichwa kwa muda wa pumzi moja. Kisha waya wa sikioni ukamwambia jambo, akageuka.

Tulipotoka, giza lilikuwa limeshaanza kuingia. Mwenzangu akaniambia kwamba tangu 1984, kila majira ya baridi, watu wa kujitolea wa Mtakatifu Eustachi hugawa chakula cha jioni kwa wasio na kitu, hapohapo jirani na maduka. Mlinzi wangu alikuwa ameniambia hilo pia. Alikula pale katika miezi yake ya kwanza Paris.

Mpendwa msomaji, najua wengine wenu mnasema: lakini Padre, kazi ya ulinzi haiwezi kusimama Jumapili. Ni kweli. Wala hospitali haiwezi, wala basi, wala jeshi la zimamoto. Kanisa halikuwahi kufundisha vinginevyo. Sisemi hapa kwamba mtu yule alitenda dhambi, maana anayezuiwa na sababu nzito hafungwi na wajibu wa Misa, na kulisha watoto ni sababu nzito. Nasema habari ya mtu mwingine pale mlangoni, yule aliyekuwa na viatu vipya.

Wafaransa wenyewe wamehangaika na jambo hili. Machi 10, 1906, mlipuko katika machimbo ya makaa ya mawe ya Courrières uliua watu 1,099. Katika mwaka huo wa hasira na migomo, Julai 13, ikapitishwa sheria ya kumpa kila mfanyakazi siku moja ya kupumzika kwa juma, na siku hiyo iwe Jumapili. Angalia vizuri: nchi hiyo ilikuwa imetenganisha Kanisa na Serikali miezi michache tu kabla, Desemba 1905, na bado ikachagua Jumapili. Papa Leo XIII alikuwa ameshaidai siku hiyo kwa ajili ya wafanyakazi katika waraka wake wa 1891. Kisha, Agosti 2015, sheria nyingine ikaruhusu maduka katika maeneo yanayopendwa na watalii kufunguliwa Jumapili zote, tena mpaka usiku wa manane, kwa masharti ya hiari na fidia. Les Halles ni moja ya maeneo hayo. Mtalii alikuwa mimi.

Sisi tukihesabu amri ya kuitakasa siku ya Bwana, tunahesabu nani yumo kanisani. Ni hesabu halali. Lakini ifungue Kumbukumbu la Torati, sura ya 5, aya ya 14 na 15, uone amri hiyo inamtaja nani. Inamtaja mtumishi wa kiume na wa kike, ili nao wapumzike kama wewe. Sababu inayotolewa ni kwamba wewe mwenyewe ulikuwa mtumwa Misri. Nabii Amosi, sura ya 8, anawasema wafanyabiashara waliokuwa wakiishika Sabato vizuri kabisa, hawauzi kitu, ila wamekaa wakihesabu saa iishe wafungue magunia. Katekisimu ya Kanisa Katoliki, namba 2187, inatuonya tusimdai mwingine bila sababu huduma itakayomzuia kuishika siku ya Bwana. Mimi hiyo nilikuwa naifundisha. Niliwahi kuiuliza kwenye mtihani.

Ninavyosema “bila sababu” nafikiria viatu. Havikuwa anasa, mguu ulikuwa umelowa. Lakini Jumatatu ingefika.

Nilirudi nyumbani na kwa wiki mbili sikulisema jambo hili kwa mtu. Halafu Jumapili moja, nikitoka sakristia kwenda kuanza maandamano ya kuingia kwa Misa ya pili, nikamwona mlinzi wa parokia yetu. Ameketi kwenye kiti chake cha plastiki getini, rungu magotini, akilinda pikipiki na magari ya waamini. Nilikuwa nimemwona hapo kila Jumapili kwa miaka minne. Alibatizwa, alifunga ndoa takatifu, watoto wake wawili nimewapa Komunyo ya kwanza kwa mikono yangu. Nikajaribu kukumbuka ni lini nilimpa yeye Komunyo. Sikukumbuka, kwa sababu sikuwahi. Kwa miaka minne alisikia mahubiri yangu yote kwa kipaza sauti, akitupa kisogo kanisa ili atazame pikipiki zetu.

Na si kwamba alikosa nafasi kwa Misa moja. Kwetu zina Misa tatu, na zote tatu zina pikipiki.

Nikalipeleka kwenye halmashauri ya walei. Usidhani lilipita kwa makofi. Mmoja akasema aongezewe posho. Mwingine akauliza, na lilikuwa swali la haki, chombo kikiibwa nani atalipa. Kina mama wa WAWATA wakasema kama wanaume wanaogopa, wao watasimama getini, na hapo ndipo wanaume walipokubali. Ikapangwa kwamba kila Jumapili jumuiya moja itoe watu wawili wa kukaa getini wakati wa Misa ya kwanza, na hao wawili waje kusali Misa ya pili. Jumapili ya tatu ikaibwa kofia ngumu ya pikipiki. Mwenyewe alinijia mpaka ofisini na kuniuliza kama bado naona huu ni mpango wa Mungu. Tulichanga, tukamnunulia nyingine. Mpango haukufa, ingawa kuna jumuiya ambazo mpaka leo husahau zamu yao kwa ustadi mkubwa.

Sasa mlinzi anaingia. Lakini ndani ya nyumba za hao hao waliojaa kanisani kuna binti aliyeamka saa kumi alfajiri kupiga pasi nguo za Misa za watu watano. Ameachwa na mtoto mdogo na sufuria ya nyama, aje asali “siku nyingine”. Hilo sijalipatia mpango wa jumuiya. Nimewaomba wenye nyumba. Baadhi wameanza kupokezana, baba Misa ya kwanza, mama na binti Misa ya pili. Baadhi wameniambia kwa heshima zote kwamba Padre hajui mambo ya nyumba. Huenda. Wewe unayesoma gazeti hili sasa, umekaa, chai imeshaletwa, unajua kama aliyeileta amesali leo au la. Mimi sijui.

Viatu vile ninavyo. Fundi viatu wetu hapa amevibadilisha soli mara mbili na ananiambia ngozi yake ni imara. Mtu wa Bukavu sikumwona tena. Ninamwombea kwenye Misa, katika kuwakumbuka walio hai, bila jina, maana kwa haraka zangu hata jina sikumuuliza.

Jumapili ya kwanza mlinzi wetu alipoingia kusali alivaa shati jeupe lililokuwa bado na mikunjo ya dukani. Alikuwa na uhuru wa kukaa popote, na katekista alimwonyesha nafasi mbele. Akachagua kiti cha mwisho, ukingoni, kando ya mlango. Nilimwona vizuri kutoka altareni. Wakati wa somo la kwanza aligeuka kutazama geti. Wakati wa zaburi akageuka tena. Nilipoanza kusoma Injili aligeuka mara ya tatu, akawaona wale wawili wamesimama pale nje chini ya mwembe, mmoja ameshika rungu lake. Akageukia mbele, akakunja mikono, na hakutazama nyuma tena mpaka wakati wa Komunyo, alipokuja kwenye mstari akiwa wa mwisho.